Mjomba alimnyoosha mama mdomo kabla sijamwasilisha darasani

Wakuu, heshima kwenu. Hili halina chumvi, yamenikuta mwenyewe. Mwenye haraka apite tu.

Mwaka jana nilianza kusoma sanaa, chuo kimoja huku Temeke. Naishi Chanika kwa mjomba, kaka wa marehemu mama. Ni mchonga vinyago, nimekulia kwenye kibanda chake. Nikajua huko chuo ni kula bata tu.

Wiki tatu za mwanzo tulichora chupa za maji. Chupa, wakuu.

Halafu ikaja kazi ya kuwasilisha mbele ya darasa: mtu unayemfahamu, kwa mkono wako mwenyewe. Ukifeli, unarudia muhula.

Nikachukua mpingo, nikamchonga mama. Alipigwa kiharusi nikiwa mdogo sana, mdomo ukaenda kushoto. Sura hiyo ndiyo pekee ninayoikumbuka. Nikaichonga vilevile, imepinda. Ilinila mwezi mzima.

Sasa kuna ishu ya kibandani. Kwetu kazi haina mwenyewe. Mmoja anakata gogo, mwingine anatoa umbo, mkubwa anamalizia uso. Ukiacha kinyago benchini, maana yake unaomba kimaliziwe. Nalijua hilo tangu utoto, na bado nikakiacha pale siku nzima nikiandika maelezo yangu.

Asubuhi mjomba akanikabidhi kimeshafungwa kwenye khanga. Nikabeba, sikufungua.

Nimekuja kufungua mbele ya darasa. Mdomo umenyooka. Mama anatabasamu.

Na karatasi niliyoshika inaelezea mdomo uliopinda!

Madam anayetufundisha akakizunguka taratibu.

"Huu mdomo ndio kazi yenyewe. Umeupataje?"

Ningeweza kunyamaza nikafaulu. Nikasema, "Madam, mdomo sio wangu. Ni wa mjomba."

Darasa likacheka. Madam hakucheka, akanishukuru kwa kusema ukweli, kisha akaandika nirudie.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nisiwadanganye. Mjomba alikuwa anapiga msasa. Hata shikamoo ilitoka kwa shida.

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Mjomba, kwa nini umemnyoosha? Mama alikuwa hivyo."

Akapiga msasa kidogo, hakuinua macho.

"Wewe ulimkuta hivyo. Mie nimekua naye."

Hasira yote ikaisha. Nikaingia ndani, nikalia.

Muhula huu narudia. Kipande kipya nakiweka chumbani na mlango nafunga, mjomba ananitania kwamba nafuga kuku humo.

Nilichojifunza: kazi ikiwa ya mkono wako, usiiache benchini.

Ila kile cha kwanza nimekiweka sebuleni, na sijutii kukiacha benchini siku ile. Nina miaka ishirini na mbili na sikuwahi kujua mama alikuwa anachekaje.

Nyie mngemjibu nini madam? Tiririkeni hapa chini, hata wa kunicheka karibuni.