Mkono wa Baba Mkwe Kwenye Kibanda cha Soseji

Kwetu Ngana, enzi za Mjerumani, mke alimheshimu baba mkwe wake kwa kutomwona. Nasema kutomwona, sisemi kumwinamia. Akisikia kikohozi chake njiani, anajitosa migombani na nguo usoni mpaka mzee apite. Jina lake halitamki hata akiota. Mkiona huo ni ushamba, shauri yenu. Nyie mnaowapa wakwe mkono, wakigeuka tu mnawasengenya.

Bibi yangu Anyisile aliishika desturi hiyo kuliko wote, na ndiyo iliyomponza. Mumewe, babu yangu Hezroni, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye ghala la mpunga. Mzungu alifuga nguruwe na alipenda soseji za moshi, ila mkewe hakutaka moshi karibu na mapazia yake. Basi kibanda cha kukaushia kikajengwa uani kwa babu. Moshi ukawa wetu, soseji zikawa zao.

Hezroni alijaza nyama kwenye utumbo, Anyisile akasimamia moto. Kazi hiyo haitaki pupa. Unaweka gogo la mwembe, unalifunika kwa pumba za mpunga zenye unyevu, lifukute tu. Ukiliacha liwake, mafuta yanachuruzika na soseji zinapasuka. Zilining'inia kwenye fito, na ubavuni palikuwa na kidirisha cha kupunguzia moshi.

Baba yake Hezroni, Mzee Ambilikile, alizitukana sana soseji hizo. Alisema mtu mwenye akili hawezi kula utumbo uliorudishiwa nyama. Huku anasema, anasogea kule moshi unakoelekea.

Asubuhi moja alikuja bila kukohoa, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Anyisile alimsikia akiwa ameshafika uani. Hakuwa na pa kukimbilia, akaingia kibandani na kujifungia humo, macho yanamwasha, kifua kinabana. Mara kidirisha kikafunguliwa, ukaingia mkono. Ukapapasa fito, ukakosa, ukaanza kushuka kuelekea kichwani kwake. Mungu wangu, baba mkwe amguse! Anyisile alichomoa soseji akaitia kiganjani. Mkono ukatoka, na nje akasikia mtu anatafuna taratibu.

Kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata. Mzee hakujiuliza soseji inawezaje kujileta yenyewe mkononi. Mwenye kushiba haulizi maswali. Anyisile naye alijiambia anaokoa heshima ya ukoo. Basi wakaendelea kumwibia Mzungu, wote wawili, kwa adabu kubwa kabisa.

Ikafika sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, mfalme wao Wajerumani. Wageni walikuwa njiani, na fito zilikuwa nusu tupu. Mzungu akawaita wote mbele ya ghala, askari na kiboko chake pembeni. Akataka jina la mwizi. Asipolipata, atachapwa Hezroni. Hezroni aliapa hajui, na kweli hakujua. Anyisile alijua. Lakini jina lenyewe ndilo lile asiloruhusiwa kulitia kinywani, na huku mumewe anaamriwa alale chini. Alisimama pale kajifunika uso.

Ndipo watu wakapisha njia. Mzee Ambilikile alikuwa anakuja kinyumenyume, hatua kwa hatua, ili asimwone mkwe wake.

"Mwacheni mwanangu," alisema. "Mkono ulioiba ni huu."

Mzungu hakuwahi kuendewa na mtu aliyetanguliza makalio. Aliona ni dharau, akaamuru viboko viongezwe maradufu. Mzee wa mvi zile akajilaza kifudifudi vumbini bila kubisha.

Anyisile akavuta nguo usoni, ikaanguka. Akamtazama.

"Mzee Ambilikile hakuiba. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu."

Mzungu na mkewe waliona mwanamke amesema kweli, basi. Watu wetu walishika midomo. Mzungu aliona haya kumchapa mwanamke mbele ya mkewe, akawafukuza kazi wote na kibanda kikabomolewa. Mzee aliinuka bila hata mchubuko, analia waziwazi. Alimwambia Hezroni afadhali yeye mwenyewe angechapwa, maana mgongo hupona. Miezi mingi watu walimwita Anyisile mwanamke aliyemvua baba mkwe nguo hadharani. Na mzee akaacha kabisa kumkoholea njiani; alisema hakuna kilichobaki cha kukoholea.

Vita vilipokuja, Hezroni na ndugu zake walichukuliwa kubeba mizigo. Mzee akashikwa na homa, akalala peke yake, hawezi hata kuketi. Wakwe zake wengine wawili walikuwa na adabu zao kamili. Kila mmoja alileta kibuyu cha maji, akakiweka mlangoni, akafunika uso na kuondoka. Vibuyu vikakaa pale vimejaa, na mzee ndani anaomba maji kwa sauti iliyokuwa inakwisha.

Anyisile alivikuta hivyo aliporudi shambani. Akachukua kimoja, akaingia, akamwinua kichwa na kumweka mapajani.

"Ndaga, mwanangu," mzee alimshukuru, akanywa huku akimtazama usoni.