Mtoto wa Kutundikwa Kwenye Mizani ya Dagaa

Siku niliyotundikwa kwenye mizani ya dagaa naikumbuka kama ni asubuhi hii, mwanangu Shamimu. Nilikuwa na miaka sita. Pale Kibirizi, siku za mbalamwezi wavuvi hawaendi ziwani, maana dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga. Vichanja vya kuanikia vitupu, mizani imekaa bure, na mama zetu wanatafuta cha kuchekea. Basi wakatupima sisi! Unafungwa kwenye kanga kama furushi, unatundikwa kwenye ndoano, miguu inaning'inia, mshale unazunguka.

"Haya, lete huyo mkavu wako!" Mama Zuhura, jirani yetu, alimchokoza bibi yako.

"Mkavu ni wako! Huyu wangu ndama!"

Mshale wangu ukawapita watoto wote. Vigelegele! Mshindi alipewa samaki mzima, mgebuka, wa kukaangwa kwa mawese, ale peke yake. Nilijiona malkia, usinicheke. Tangu hapo nikawa nakula ili nishinde. Uji wangu ulimiminiwa mawese hadi ukawa mwekundu, na nikisema nimeshiba, bibi yako anasema, "Maliza, watu watasema sikulishi." Kuruka kamba na wenzangu akanikataza kabisa, nisije nikapungua.

Nilipofika sekondari, watoto wa walewale waliopiga vigelegele wakaniita Tanki. Nilikuwa najinyima chakula, napungua kidogo, halafu narudi palepale na zaidi. Mwili uliozoeshwa vile tangu utotoni hausahau upesi. Nilipobeba mimba yako presha ikapanda, nikalazwa. Muuguzi akaniuliza, "Nyumbani kwenu nani mwingine mnene?" Nikamtajia mama na shangazi zangu wawili. Akasema, "Kuna mlichorithi kwenye damu, dada, na kuna mlichorithi kwenye sufuria. Anza na sufuria."

Sasa juzi nafika Kibirizi kukuchukua kwa bibi yako, nakuta nini? Wewe! Mwanangu mwenyewe, umening'inia kwenye ndoano, na bibi yako ananipungia mkono kwa furaha: "Amemshinda mjukuu wa Mama Zuhura!"

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakaziba. "Mama, mshushe! Mtoto wangu si dagaa!"

"Hee, sekondari imempanda kichwani," Mama Zuhura akasema.

"Ndiyo, imepanda! Na presha imepanda vilevile, unaijua wewe?"

Bibi yako akakushusha, akakaa juu ya gunia. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. "Kaka yako aliyekutangulia alikuwa mwepesi kama gunia tupu. Nikamzika mwepesi hivyohivyo. Wewe ulipousogeza ule mshale, nilijua utaishi."

Sikudanganyi kwamba hasira iliisha. Haikuisha. Ila nilikaa kwenye lile gunia, nikamshika mkono. "Mama, niliishi. Sasa nisaidie huyu naye akue bila kuhema kama mimi."

Alivuta kamba ya kufungia magunia, akaikata, akakupa. "Ruka, mjukuu wangu." Na ulivyoruka! Vumbi lilitimka hadi Mama Zuhura akasogeza kiti, na bibi yako ndiye aliyekuwa anapiga makofi kuliko wote.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukishiba, sema umeshiba, na atakayekulazimisha kumaliza mlete kwangu. Unene si dhambi, na nikikusikia unamwita mtu Tanki utanitambua. Lakini usimruhusu mtu akupende kwa kilo. Mawese nyumbani sasa ni kijiko, mboga ndiyo inayojaza sahani, na tunabadilika wote, bibi yako akiwemo. Sitakuwekea wewe chakula chako pembeni kama mgonjwa. Siku ukizaa, mwanao apimwe kliniki ili ijulikane kama anakua vizuri, si kumshinda wa jirani.

Mungu akupe mwili wa kukubeba hadi mvi zikuote, na kamba yako isikatike. Na mimi anipe pumzi, hata kama ni ya mara tatu tu, niruke pamoja nawe.