Binti wa Taa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza

Mchezo wa kwanza ulizungumza Kifaransa, wa pili Kiingereza, na kwa wasichana wawili waliotoka Bukavu wakaja kuishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi karibu na Lilongwe, hiyo haikuwa tofauti ndogo.

Mashine ya michezo tulitumiwa na shangazi aliyehamia Ubelgiji. Unaifungua kama kitabu, ina vioo viwili, na juu ya kile cha chini unachora kwa kijiti. Ndani mlikuwa na kadi moja ya mchezo: safari ya binti mwenye taa anayetafuta chanzo cha mto uliokauka. Tuliichaji kwa kinyozi wa jirani, kisha mimi na yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, tukaketi nyuma ya cherehani ya Mama na kucheza mpaka moto wa betri uishe.

Yaya alifika sekondari Bukavu, kwa Kifaransa. Mimi niliondoka mdogo, nikasoma hapa kambini kwa Kiingereza. Basi yeye alisoma, mimi nikashika kijiti.

“Yaya, ule muzee anasema nini?”

“Anasema daraja imevunjika. Tupite chini, kwenye mawe.”

Nilichopenda ni kwamba mchezo ule haukuonyesha njia. Ulikupa ramani tupu, ukaichora mwenyewe. Ukikuta mlango umefungwa unauwekea alama, unaendelea, unatumaini utarudi. Siku moja tulitokea kwenye ziwa lenye rasi nyingi, kama lile la Bukavu. Yaya akachukua kijiti, akachora nyumba ndogo ufukoni.

“Hapa njo kwetu,” akasema.

Miaka ilipita kabla sijauona wa pili. Niliukuta Old Town ya Lilongwe, kwa Mhindi anayeuza simu na chaja, siku tulipokwenda kununua zipu na uzi wa Mama. Yaya alisimama nyuma yangu. Kambini alikuwa mtu wa kwaya na vicheko, lakini akifika mjini alinyamaza. Mbele ya kila kaunta alinisukuma begani: “We uliza.”

Katika mchezo huo binti amekua, anapanda milima akiwa na punda wa mizigo. Ulikuwa mzuri kuutazama: mvua ilidondoka kwenye kioo cha juu, ikatiririka mpaka cha chini. Kasoro yake ni mshale mwekundu uliokuonyesha pa kwenda hata usipouomba. Lakini watu wake walikuwa wengi na wenye maneno. Ili kupita kijiji ulipaswa kuongea na wachuuzi na kuchagua jibu. Ukikosea, mchuuzi anafunga mlango. Na yote kwa Kiingereza tu.

Sasa msomaji nilikuwa mimi. Yaya alivumilia siku chache, kisha akasukuma mashine.

“Mi nilisoma, unajua. Hapa niko kama bubu.”

Nikamwachia kijiti. Mchuuzi wa mablanketi akamfungia mlango, akamfungia tena, naye akawa ananiuliza neno moja moja na kulirudia kimyakimya. Mlango ulipofunguka alipiga kelele hadi Mama akasimamisha cherehani. “Nyoka iko wapi?” Mama akauliza.

Muda mfupi baadaye tulirudi Old Town, kwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nimefungua mdomo kuuliza, Yaya akanitangulia. Alizungumza Kiingereza pekee alichokuwa nacho, kile cha wachuuzi wa milimani, cha adabu za kizamani: “Ewe mfanyabiashara mwema, nakuomba kitambaa cha bluu.”

Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta. Nilitaka kujificha. Yaya hakurudi nyuma. Alisubiri kicheko kiishe, akarudia ombi lake. Yule mtu akakata kitambaa, akamuuliza kama anajua kushona. Akamjibu ndiyo. Akampa kazi: alianza na mapazia ya wateja wa duka, na baadaye akapanga chumba mtaa wa Chilinde, mjini, akaweka cherehani yake mwenyewe mlangoni.

Tukikutana bado tunabishana. Yeye anasema wa kwanza ni bora, kwa sababu unakuacha upotee, na ukifika unajua umefika kwa akili yako. Nakubali karibu yote. Hata mimi nikitaka utulivu nafungua ule. Ila wa pili nausifu kwa jambo ambalo huenda waliouunda hawakulifikiria: ulimlazimisha mtu kujibu, tena na tena, bila kumcheka.