Jina Ambalo Mama Halitaji

Nilitoka kijijini kwetu Getanuwas kwenda mjini Katesh kwa sababu moja tu: nilitaka kurudi chuoni. Mwaka wa kwanza ugonjwa ulinitoa darasani. Sasa nimepona na chuo kimenikubali tena, ila bila mkopo wa wanafunzi, ada siiwezi. Fomu ilibaki na pengo moja: mdhamini aape mbele ya wakili. Mdhamini wangu ni mama.

Alfajiri tulipanda bodaboda mshikaki, mama katikati, shuka lake likinipiga usoni. Mvua ilikuwa imeharibu njia, kila mara tunashuka kusukuma. Mama anacheka, mimi roho juu, maana dirisha la maombi lilikuwa linafungwa siku ile ile.

Saa nne tukafika Katesh. Wakili, dada mgeni wa huku, alimpa mama shikamoo na kiti, kisha akamwomba ataje majina yangu matatu. Mama akaanza vizuri. Alipofika la tatu, kimya. Lo, wala sikuliwaza! La tatu ni la babu, na kwetu Wabarabaig mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata kama mzee yuko kaburini.

Wakili akaweka kalamu chini. Alisema wapo wanafunzi wanaokodi wazazi, hivyo muhuri hapigi. Nikaeleza mila yetu mpaka jasho likanitoka. Akanisikiliza, akamgeukia mama.

"Mama, nikikusomea majina, la mkwe wako likifika nitajua?"

"Utajua," mama akasema. Wakili akataja jina la kubuni, mama akatikisa kichwa. La pili, vivyo hivyo. Alipotaja la babu, mama akainama, akavuta shuka akajifunika uso, kama afanyavyo nyumbani watu wakilitaja mbele yake.

"Nimeelewa, mama yangu," wakili akasema, akapiga muhuri. Nilitamani kumkumbatia.

Mchana tulituma maombi pale steshenari, tukala ugali, tukashika njia ya nyumbani. Nilikuwa nimezoea kusema narudi chuoni kwa juhudi zangu. Siku ile nilijifunza kwamba narudi na ukoo mzima.

Karibu na nyumbani tulishuka kwenye bodaboda tukatembea, nikamwambia mama majibu bado, tusubiri kwa matumaini. Yeye alikuwa mbali kimawazo.

"Siku ya kuhitimu, watakuita majina yote?"

"Yote matatu, kwa kipaza sauti."

Akatembea kidogo.

"Basi nitakuja. Uso nitaufunika, lakini masikio nitayaacha wazi."