Kabati la Milango Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini Kyela, Mhandisi wa Wilaya alinikabidhi futikamba, daftari na kazi moja: kuchora upya jiko na sehemu ya kugawia chakula ya shule ya bweni huko Makwale. Nilikuwa binti fundi sanifu kutoka Singida, najiamini kupita kiasi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, saruji na mabati vimeanza kuonekana madukani.

Jiko la zamani lilikuwa banda la moshi. Mpishi mkuu, Mama Subilaga, alipikia shule nzima kwenye mafiga, macho mekundu, na bado wali wake ulichambuka vizuri. Kila asubuhi mtunza stoo, mzee mmoja mtaratibu, aliacha debe la mchele nje ya mlango, akakohoa, akaenda zake. Ndipo mama alipotoka kulichukua. Nikaona ni uzembe. Sikuuliza.

Nilichora kwa kanuni ya chuoni, mtiririko wa chakula: kibichi kinachoingia kisipishane na kilichoiva kinachotoka, wala na vyombo vichafu. Stoo, meza ya kuandalia, majiko yenye dohani ya kutoa moshi, dirisha la kugawia, karo la kuoshea. Kati ya stoo na jiko nikaweka kaunta ya wazi, ili mpishi na mtunza stoo waonane mchele ukipimwa. Niliipenda sana kaunta ile.

Siku ya kufungua jiko jipya, Mama Subilaga aliingia, akamwona mzee ng'ambo ya kaunta, akajifunika khanga usoni na kutoka mbio. Mzee naye akageukia ukuta. Wanafunzi walikaa na njaa hadi alasiri. Mkuu wa Shule, mgeni kama mimi, akatangaza kwamba mama asiporudi kesho yake, ataajiriwa mwingine.

Nilimfuata nyumbani, hasira zimenipanda. Alinikaribisha, akanipa ndizi, kisha akasema taratibu, "Yule ni baba wa mume wangu. Kwetu mkwe hatazamani na baba mkwe. Miaka yote tumefanya kazi bila kuvunjiana heshima. Kazi naitaka, mwanangu, ila kwa kaunta ile siwezi."

Niliona aibu. Kumbe debe na kikohozi vilikuwa utaratibu wa kazi, tena bora kuliko wangu. Kuuliza si ujinga, nami nilikuwa na cheti cha kutouliza.

Kulipopambazuka nilikuwa pale na mwashi, mama akisubiri nje. Tukaziba kaunta kwa matofali, tukaacha nafasi ya kabati lenye milango miwili, mmoja stoo, mwingine jikoni. Mkuu wa Shule akaja juu. "Unaziba kwa ruhusa ya nani?"

"Kosa ni langu, Mkuu. Mama huyu hataondoka kwa kosa langu."

Nikaendelea kupanga matofali. Kabati lilipokamilika, mzee aliweka mchele, akafunga mlango wake, akakohoa. Mlango wa pili ukafunguka. Wanafunzi walichelewa kula, lakini walikula, na Mama Subilaga akanishika mikono yote miwili: "Ndaga fijo." Asante sana.

Baadaye nilihamishiwa Talatala, kisha Itungi, halafu mikoa mingine. Kila jiko nililopewa, siku ya kwanza nilikaa tu nikitazama, futikamba mfukoni. Ninyi mnaochora kwa kompyuta, kaeni pia.

Nilipostaafu nilipita Makwale kumwona Mama Subilaga. Akanisimulia siku ya mwisho ya kazi ya mzee. Mama alisikia kikohozi kama kawaida, akafungua mlango wa jikoni. Hakukuta mchele. Alikuta funguo zote za stoo.