Matundu Mawili Katika Paa la Mama Mkwe

Mke wangu humpigia mama yake simu kila Jumapili kutoka kwetu mjini Kakamega. Huiweka mezani, sauti juu, nami husikiliza bila kusema neno, kwa kuwa mkwe hapigi gumzo na mama mkwe. Mwaka jana walikuwa wanafika salamu ya pili, kisha kikohozi cha mama kinawakatiza. Kliniki ilisema ni moshi wa kuni. Mama mkwe alisema chakula cha gesi hakina ladha, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi huchora kwa kompyuta katika karakana ya vyuma: mageti, matangi, ngazi. Nikajitolea kumtengenezea bomba la kutoa moshi, kutoka jikoni kwake Shinyalu hadi juu ya paa. Lakini kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, na kupanda paa lake ni jambo ambalo hata halijadiliwi. Kwa hiyo nilisimama nje kando ya mahindi, nimeipa nyumba mgongo, mke wangu akapima ndani na kunisomea namba kupitia dirishani. Jiko lilikuwa la matofali na udongo, halihamishiki. Paa liliinama nyuzi ishirini.

Karakanani nilichora sakafu, nikaweka duara la bomba mahali pa jiko, na juu yake paa lililoinama. Nikaiamuru programu ilihamishie duara kwenye paa. Ilifanya hivyo mara moja. Nikachapisha mchoro kwa ukubwa wake halisi, nikaubandika kwenye bati jipya la mita tatu, nikakata tundu.

Kaka yake mke wangu ndiye aliyepanda kulipigilia, maana yeye ni mtoto wa nyumba. Mimi nilirudi kwenye mahindi. Nyundo ikanyamaza. Akashuka, akaingia jikoni, akatoka.

"Shemeji," akasema, "kompyuta yako imetoboa juu ya kiti cha mama."

Tundu lilikuwa karibu mita moja kutoka lilipotakiwa, upande wa mlangoni, tena jembamba kiasi kwamba bomba lisingepita. Shemeji aliuliza kama nilitaka mama akohoe huku akinyeshewa. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika juu ya msitu, kama kila alasiri. Tulifunika kwa nailoni na mawe, yaani alifunika yeye.

Kosa nililipata kesho yake. Bomba husimama wima, lakini programu haikujua kwamba lile duara ni bomba. Ilikuwa imelipeleka kwenye paa kwa njia fupi kuliko zote, ile inayoligonga paa kwa pembe mraba. Njia hiyo ni ya mshazari, ndiyo maana duara lilitua chini zaidi kwenye mteremko, likiwa limebanwa. Nilipaswa kulisimamisha bomba zima kutoka sakafuni, lipenye paa, halafu nichukue alama ya pale lilipopenya. Alama hiyo ina umbo la yai. Nilikuwa nalijua hilo kwa miaka mingi, ila kwa vitu ambavyo ningeweza kuvigusa kabla ya kukata.

Mara ya pili shemeji hakuniamini, na sikumlaumu. Kabla ya kukata alibandika mchoro mpya kwenye bati kule kule juu, akatoboa kwa msumari katikati yake, akateremsha uzi wenye kijiwe. Kutoka ndani mama mkwe akatangaza kwamba jiwe limeingia kwenye sufuria iliyo mekoni. Tukakubaliana kwamba hapo ndipo, shemeji akakata, na bomba likasimama.

Nilikusudia kuliziba tundu la kwanza kwa bati. Jibu lilikuja kupitia mke wangu: "Mwambie mkwe aliache. Sasa naona ninapochagua maharagwe." Likawekewa plastiki inayopitisha mwanga.

Jumapili iliyofuata simu ilikuwa mezani. Walipita salamu ya pili, ya tatu, wakafika kwa ng'ombe, kwa bei ya mbolea, kwa mchungaji mpya ambaye mahubiri yake hayaishi. Mimi nilikuwa nahesabu vikohozi, na sikuwa na cha kuhesabu. Kabla ya kukata simu, mama mkwe aliuliza kama yule mtu wa kompyuta ameshakula.