Nilifanya backup ya video za marehemu mama, disk ikarudi na season za Kikorea

Wakuu, heri ya mchana.

Wale wa kusema "chai" mapema, wekeni vikombe chini kwanza mfike mwisho. Hakuna nilichoongeza.

Mimi ni mtumishi wa kawaida tu hapa Dodoma. Naishi Nzuguni na mke wangu pamoja na mdogo wake, Neema, anayesoma chuo. Kwetu ni Mlali, kule Kongwa. Mama yangu alifariki mwaka jana.

Kipindi anaumwa, kila nikienda kumwona nilikuwa namrekodi kwa simu. Anapepeta ulezi, anaimba, anagombeza kuku, ananigombeza na mimi. Video zote nikawa nahamishia kwenye laptop.

Kuna moja ndiyo ilikuwa roho yangu. Mama amekaa mlangoni, anataja watoto wote aliowazaa, pamoja na wawili waliofariki wadogo kabla mimi sijazaliwa. Akataja majina yao ya Kigogo, nani aliwapa, na wamezikwa upande gani wa shamba.

Sikuwahi kuyasikia kabla ya siku ile. Baba hayupo tena, na wazee waliokuwepo enzi hizo wameshaondoka wote. Nikajiambia siku moja nitakaa niyaandike. Sikuyaandika wakuu. Na kichwani sikuyashika, maana nilijua yapo kwenye video.

Sasa laptop ikaanza visa. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inazunguka. Fundi akashauri ifutwe yote, ipigwe Windows upya. Nikasema sawa, ila backup kwanza. Kwenye hilo nilijiona mtu makini kweli.

Nyumbani tulikuwa na external disk ambayo kazi yake ilikuwa movie tu. Nikazifuta zile movie, nikahamishia kila kitu cha kwenye laptop, nikafungua video mbili tatu kuhakikisha. Zinacheza safi. Nikairudisha disk pale pale inapokaaga siku zote, pembeni ya TV.

Sikumwambia mtu. Nani anatangaza backup ndani ya nyumba?

Wikiendi iliyofuata nikampelekea fundi, akaifuta laptop, akaweka kila kitu upya. Ikawa inawaka haraka mpaka nikamsifia. Nikachomeka disk pale pale mezani kwake nirudishe vitu vyangu.

Nikakuta season za Kikorea zilizotafsiriwa Kiswahili. Folder kwa folder. Chini yake za Kihindi.

Nikachomoa, nikachomeka tena. Nikabadilisha tundu. Wakorea wale wale. Fundi akaniuliza, "Kaka, uko sawa?" Nikamgeuzia screen aone mwenyewe.

Kumbe katikati ya wiki Neema alichomeka disk kwenye TV, akakuta movie zake hazipo, kuna folder moja tu asiyoielewa. Akajua imeharibika. Akapita nayo Chang'ombe kwa jamaa anayewawekea watu movie na nyimbo. Mnajua utaratibu wa vile vibanda: unaacha disk, unasema "niwekee kali", unaenda mizunguko yako, unarudi kuchukua. Jamaa akaona imejaa, akaifomati, akashusha mzigo.

Neema alipoelewa kilichotokea alipiga magoti sebuleni. "Shemeji nisamehe, mimi nilijua ni ile ya movie."

Na kweli ilikuwa ile ya movie. Mke wangu ndiye aliyelia, alimpenda sana mama.

Fundi akajaribu program zake za kurudisha vitu vilivyofutwa. Vikaja vipande vya picha za kijivu, na Wakorea.

Kesho yake nikaondoka na Neema kwenda Chang'ombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa shari, sitaki kuwadanganya. Tunafika kibandani, spika inapiga muziki, pembeni dereva wa bodaboda anasubiri nyimbo zake. Hata sijafungua mdomo, simu ya yule dereva ikaita.

Wakuu, mlio wa ile simu ulikuwa sauti ya mama yangu.

"Pokea hiyo simu wewe, unamkimbia nani?"

Hiyo ni siku moja namrekodi, simu yangu ya pili ikaita mfukoni nikaipuuza, akanijia juu hivyo hivyo.

Nikajikuta nimeitika kwa sauti, "Naam, mama." Watu wote pale wakanigeukia. Neema akanishika mkono.

Dereva akacheka. "Braza, hata wewe unamjua? Huyu bibi hapa mtaani kila mtu anaye."

Nikamwambia huyo ni mama yangu, tumemzika mwaka jana. Kicheko kikamwishia mdomoni. Mwenye kibanda akazima spika.

Kumbe jamaa hawa disk ya mteja ikiingia, kabla hawajaifuta wanachungulia kama ina kitu kipya, wanachota. Yeye alidhani ni vichekesho, akawa anawakatia watu vipande kuwa milio ya simu. Akanifungulia folder, ameiita BIBI MKALI. Mama huyo hapo, na kitenge chake, anawatimua kuku. Nililia mbele ya watu nisiowajua na sina aibu kusema.

Lakini ile ya mlangoni haikuwemo.

"Zile ndefu za kuongea nilishazifuta kaka, mashine ilijaa," akasema. "Ila kuna mama mmoja muuza mboga, Mgogo, alitaka zote. Nikamtolea sauti tupu, nikamwekea kwenye memory card ya redio yake. Alisema huyu bibi anaongea kama watu wa kwao."

Jina lake hamjui. Mboga anatembeza kichwani, hana kituo. Alikuja siku hiyo tu.

Kabla sijaondoka jamaa akaniuliza kama azifute hizo zilizobaki, maana ni mambo ya familia. Nikamwambia asifute hata moja, na anayetaka ampe. Mimi niliyeficha kwangu ndiye niliyepoteza.

Nilichojifunza: backup moja ni sawa na hakuna. Disk iandike juu kwa marker pen, watangazie nyumba nzima mpaka wageni. Na majina ya watu wako yashike kichwani, usimwachie mashine.

Wenye ujuzi wa kurudisha data iliyofunikwa na nyingine, shusheni maoni. Wa kumtukana Neema pita kushoto, kila akitoka chuo anazunguka mitaa ya Chang'ombe anaulizia wauza mboga.

Na wewe uliye Dodoma, ukisikia redio ndogo ya mama muuza mboga inatoa sauti ya mwanamke anayetaja watoto wake mmoja mmoja, tafadhali mwombe asimame kidogo, kisha njoo inbox. Kwenye ile redio wamo ndugu zangu wawili, na mimi sijui wanaitwa nani.